Kitabu cha theluji kando ya kitanda cha mtoto wa Soin

Mwalimu mmoja wa Gredi ya Pili kutoka pande za Soin, Kaunti ya Kericho, ameniletea swali ambalo kwa kulitazama juujuu ni dogo. Amepata kitabu cha picha cha watoto kwa jina The Snowy Day, kazi ya Mmarekani Ezra Jack Keats, na anataka kuwasomea wanawe usiku kabla hawajalala. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, ila yeye hukisoma kwa Kiswahili akitafsiri papo hapo, jinsi wazazi wengi wanavyofanya. Anauliza: huyu mtoto wa kitabuni anacheza ndani ya theluji, barafu ama mvua ya mawe? Kisha anaongeza, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kubishana na mwenzake nyumbani: "Na kwani ni lazima tuwasomee watoto wa huku mambo ya theluji?"

Swali la kwanza ni la msamiati na la pili ni la uhakiki. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, maadamu ukishaona jinsi hadithi hii inavyopaswa kutamkwa kwa Kiswahili, utakuwa pia umeona kama inafaa kutamkwa.

Tuanze na neno. "Theluji" tuliipata kutoka Kiarabu, thalj. "Barafu" tuliipata kutoka Kiajemi, barf. Cha kushangaza ni kwamba kwa Waajemi barf ndiyo theluji yenyewe, ile inayoshuka kutoka mawinguni. Neno lilipotia nanga katika pwani yetu, ambako hakuna kinachoshuka kutoka mawinguni kikiwa kimeganda, wenyeji walilipa kazi nyingine. Barafu ikawa maji yaliyogandishwa. Leo ni ile ya friji, ile ya kuhifadhia samaki, na ile tamu ya rangi inayouzwa katika kijifuko cha plastiki karibu na lango la shule. Ukimwambia mtoto wa Gredi ya Pili kwamba Peter aliamka akakuta barafu imejaa nje, atameza mate. Ataona utamu, wala hutamlaumu.

Theluji nayo ina historia tofauti. Kwa wengi wetu bara neno hili tulilikuta kwanza katika Biblia, mathalani katika Isaya 1:18, ambapo theluji ni kipimo cha weupe wa kilichosafishwa. Hivyo basi lilitufikia likiwa karibu kivumishi. Tulijua kwamba theluji ni nyeupe kabla hatujajua kwamba ni baridi, kwamba hulowesha soksi, ama kwamba unaweza kuifinyanga ukamrushia mwenzako. Neno tunalo kamusini siku nyingi, lakini halijawahi kuguswa kwa mkono.

Hapa inafaa kukumbuka kisa cha tarehe 11 Mei 1848. Mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini bara kutoka upande wa Mombasa, aliona kitu cheupe kikimeremeta kileleni mwa Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake wa safari kile ni nini. Kiongozi yule hakutaja theluji wala barafu. Alisema tu: baridi. Huko Uingereza mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba panaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Mimi humpenda yule kiongozi kuliko wasomi wote wa ubishi ule. Hakuwa na nomino, lakini alimpa mgeni wake kile ambacho mwili wa mtu aliyefika pale ungekihisi.

Mvua ya mawe je? Kwa mtoto wa Kericho huu ndio ujuzi wa karibu zaidi, na ndiyo sababu mwalimu wetu amejaribiwa kuutumia. Naam, Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda miinuko, mawingu hujipanga marefu ajabu, na alasiri mawe hushuka. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walirusha roketi za baruti mawinguni wakijaribu kuyavunja mawe kabla hayajafika kwenye majani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba takataka za majani ya chai zina chembe zinazosaidia maji kuganda. Yaani yumkini chai yenyewe huchangia kuita mawe yanayoipiga.

Lakini hata ndani ya kaunti moja ujuzi si mmoja. Soin, kwa Kikipsigis, ni nchi ya chini yenye joto, kinyume cha mosop, nchi ya juu ya baridi. Huko Soin kuna miwa na mahindi, na macho huinuliwa kuangalia vilima vya chai ambako mawingu meusi yamekaa. Mtoto wa Soin mara nyingi huyaona mawe kwa mbali, ama huyasikia katika maneno ya shangazi aliyeolewa juu, anayepiga simu kusema kwamba shamba limechapwa lote na hakuna kitakachochumwa kwa majuma kadhaa. Basi tusijidanganye kwamba watoto wa "huku" wana mawazo mamoja ya kitu kilichoganda.

Jibu langu la msamiati ni fupi: sema theluji. Usiseme barafu, kwa sababu ya ule utamu. Usiseme mvua ya mawe, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde, nayo ndiyo roho ya kitabu chote. Na jihadhari na "kipupwe". Kipupwe cha pwani ni baridi ya Juni hadi Agosti, ilhali majira ya baridi kule kwa Peter ni ya Desemba na Januari. Sema tu majira ya baridi, uendelee mbele. Mtoto hataki jiografia saa mbili usiku.

Sasa tukifungue kitabu. Keats alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, mwana wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland. Mwaka 1940 alikata kutoka gazeti la Life picha za mtoto mdogo mweusi, akazihifadhi kwa zaidi ya miaka 20. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Peter. The Snowy Day kilitoka mwaka 1962, na mwaka uliofuata kikatuzwa nishani ya Caldecott, ambayo hupewa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto huko Marekani. Januari 2020, Maktaba ya Umma ya New York ilipokuwa ikiadhimisha miaka 125, ilitoa orodha ya vitabu vilivyoazimwa mara nyingi zaidi katika historia yake. Kitabu hiki chembamba ndicho kilichoongoza, kikiwa kimeazimwa mara 485,583.

Kisa chenyewe hakina kitu, ukikisimulia kwa mtu mzima. Peter anaamka na kukuta theluji imefunika kila mahali. Anakula, anavaa vazi lake jekundu la kujikinga baridi, anatoka. Anatembea vidole vya miguu vikiangalia nje, kisha vikiangalia ndani. Anaburura miguu ili kuacha mifuo. Anapata kijiti, anakiburura pia. Anauchapa mti uliobeba theluji, nayo inamwangukia kichwani. Anatamani kujiunga na wavulana wakubwa wanaorushiana madonge, lakini anaona bado ni mdogo. Anatengeneza mtu wa theluji. Analala chali na kuchora malaika kwa mikono. Anapanda rundo la theluji na kuteleza hadi chini. Halafu anafinyanga donge moja, analitia mfukoni liwe la kesho, anaingia ndani kwenye joto.

Mama anamvua soksi zilizolowa. Peter anamsimulia yote. Anaogeshwa, anawaza. Kabla ya kulala anapeleka mkono mfukoni: hakuna kitu. Anahuzunika. Anaota kwamba jua limeyeyusha theluji yote. Asubuhi anaamka, na ndoto imeondoka, theluji ingalipo, na nyingine inaanguka. Anamwita rafiki anayeishi mlango wa pili, wanatoka pamoja. Basi.

Hebu itazame orodha hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Nomino ni chache na nyepesi: mti, kijiti, mfuko, soksi. Uzito wote uko kwenye vitenzi: kukanyaga, kuburura, kuchapa, kufinyanga, kupanda, kuteleza, kuficha. Na hapo ndipo mtoto wa Soin anapoingia nyumbani mwa Peter bila kubisha hodi, kwa sababu vitenzi hivyo vyote anavyo. Ameburura kijiti vumbini akitoka shule. Amechapa mti uliojaa maji ya mvua ili mwenzake aloe. Amefinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe. Ameteleza mteremkoni juu ya kipande cha mtungi wa plastiki hadi kaptura ikatoboka, akapata lake jioni. Kitu asichokuwa nacho ni theluji peke yake, na hiyo ni nomino moja tu. Mtoto anayekipenda kitabu hiki hajifunzi theluji ni nini kwa kuelezwa. Anaijua kwa kuona Peter anavyoifanyia, sawa na yule kiongozi wa Rebmann aliyeijua kwa baridi yake.

Kwa hiyo, mwalimu, kazi yako ngumu haiko kwenye nomino. Iko kwenye tanakali za sauti. Kiingereza cha Keats kinaiga mlio wa kiatu kinachovunja theluji, na mlio wa theluji inayotua kichwani. Kiswahili ni tajiri mno upande huu, lakini tumeufanyia utajiri huo jambo la aibu: tumeugeuza kuwa orodha ya mtihani. Anguka majini chubwi. Anguka matopeni tapwi. Anguka mchangani tifu. Lala fofofo. Mtoto hukariri, hujaza pengo, hupata alama, husahau. Ni nadra amsikie mtu mzima akilitumia "tapwi" kwa sababu kuna kitu kimeanguka kweli na kikachekesha.

Sasa theluji inapomwangukia Peter kichwani inalia vipi? Si chubwi, maana haijawa maji. Si tifu kabisa, maana si kavu kama mchanga. Si tapwi, maana si nzito kama tope. Hakuna jibu katika orodha, na hilo ndilo jambo zuri. Waulize watoto. Mmoja atasema "pwaa!", mwingine "fyuu-pu!", wa tatu ataanguka kitandani kwa kicheko bila kusema kitu. Hapo umefundisha tanakali kuliko kitabu chochote cha marudio, kwa sababu mtoto ametunga neno akiwa na haja nalo. Vilevile pale pa kukanyaga: wengine watataka "kwacha, kwacha", wengine "kwaru, kwaru". Waache. Lugha hukua kwa namna hiyo.

Lakini tanakali ya kwanza kabisa katika usomaji wako iwe ya kimya. Jii! Hapa ndipo nataka tutulie kidogo.

Nilimsomea mjukuu wangu kitabu hiki, mtoto wa miaka sita aliyelelewa juu kwenye chai. Alisikiliza vizuri, akacheka pale kwenye mti. Halafu akaniuliza: "Gogo, mbona mama yake hajamwita aingie ndani?" Nikamwambia aliruhusiwa kucheza. Akakunja uso: "Na hayo mawe hayamuumizi?" Nilikuwa nimesema theluji waziwazi, zaidi ya mara tatu. Yeye alikuwa amesikia mawe.

Mtoto huyo si mjinga. Alikuwa akisoma kwa ujuzi wake. Kwao, kitu cheupe kikianza kushuka, neno la kwanza ni "ingieni ndani!" Kuku hukimbizwa, ndama hufunguliwa, nguo huanuliwa kwa mbio. Kisha mabati yanaanza kupigwa, na kelele ile haina mfano, hata mkikaa meza moja hamsikizani. Mvua ikikata, watoto hutoka kuokota mawe na kuyatia kinywani, kwa maana utoto hautaki kujua hasara. Lakini nyuma yao baba amesimama kwenye ukingo wa shamba, akitazama majani yaliyochanwachanwa, na hasemi. Mtoto anaona hilo pia. Anajifunza mapema kwamba kitu cheupe kutoka juu kina gharama, na kwamba gharama hiyo italipwa kwa karo, kwa viatu, kwa sukari.

Sasa ndio utaona kwa nini "mvua ya mawe" ingekiua kitabu hiki. Theluji ya Peter ilianguka usiku kucha na hakuna aliyeamka. Haikupiga bati. Haikumchapa mtu. Alilala, akaamka, dunia imebadilika, na hakuna kilichoharibika. Kwa mtoto wa Brooklyn hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtoto wa Kericho ni miujiza. Mwandishi hakulikusudia, lakini tafsiri nzuri huweza kukipa kitabu maana ambayo hakikuwa nayo kwao. Kikisomwa kwa Kiswahili katika vilima vya chai, kitabu hiki kinamwambia mtoto neno ambalo watu wazima wa huko hawapati nafasi ya kumwambia: usiku huu kinaweza kuja kitu kutoka juu kisicholeta hasara. Lala.

Tena hakimdanganyi. Donge la mfukoni linayeyuka. Peter anapoteza, na anahuzunika, na kitabu hakikimbilii kumpoza. Hakuna mtu mzima anayetokea kumweleza kanuni za joto, wala methali ya kwamba subira huvuta heri. Anapanda kitandani na huzuni yake. Ninajua vitabu vichache vinavyomheshimu mtoto kiasi hicho. Hasara ipo, ila imekatwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto. Mjukuu wangu, aliyewahi kuweka mawe kikombeni ili amwonyeshe baba yake jioni, alielewa ukurasa huo kabla sijaumaliza. "Yameisha," akasema. Hakuuliza kwa nini.

Nimefika kwenye swali la pili, na sitaki kulipuuza, kwa sababu wanaouliza "theluji ya nini?" wana hoja nzito nyuma yao. Ngũgĩ wa Thiong'o ametufunza miaka mingi kwamba mtoto anayelishwa taswira za ugenini peke yake huishia kuitazama nyumba yake kama mgeni. Chimamanda Ngozi Adichie, katika hotuba yake mashuhuri ya mwaka 2009, alisimulia jinsi alivyoanza kuandika akiwa mtoto huko Nigeria: wahusika wake walikuwa weupe, walicheza thelujini na kula matofaa, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vitabu alivyovisoma. Anayezipuuza hoja hizi hajui tulikotoka.

Lakini tuzisikilize vizuri. Adichie hakusema kwamba theluji ni sumu. Alilalamikia hadithi kuwa moja. Dawa ya hadithi moja ni kuwa na hadithi nyingi, si kuifukuza ile moja na kubaki mikono mitupu. Fauka ya hayo, hii si theluji ileile ya vitabu vya ukoloni. Aliyemo ndani yake ni mtoto mweusi, aliyewekwa pale na mtoto wa wahamiaji, katika nchi ambayo vitabu vyake vya watoto karibu vyote vilikuwa vya weupe. Na kusema kwamba theluji "si yetu" ni kuisahau Kirinyaga, Kilimanjaro na Ruwenzori. Novemba 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya kudumu ya milima ya Afrika yaelekea kutoweka ifikapo mwaka 2050. Ndoto ya Peter, ile ya jua kuyeyusha yote, yeye aliamka ikawa uongo. Kwetu jua halijaacha kazi.

Je, kitabu hakina dosari? Kinazo. Mwaka 1965 Nancy Larrick, katika makala yake kuhusu weupe wa vitabu vya watoto vya Marekani, alikilaumu kwa kuwa maneno yake hayataji popote kwamba Peter ni mweusi; wanaojua ni wanaotazama picha. Lawama hiyo ilikuwa na mantiki mahali pale na wakati ule. Ikifika Soin inapinduka: mtoto anatazama picha, anaona mtoto kama yeye, anageuza ukurasa. Hakuna haja ya kuambiwa. Hapa ukimya wa Keats ni faida tupu.

Dosari ninayoiona mimi ni mama. Amechorwa kwa upendo. Gauni lake ni kitambaa cha plastiki ambacho watu wa huko walikitandika kwenye makabati. Lakini anavua soksi na kusikiliza tu. Peter anamsimulia yote, nasi hatusikii mama akijibu hata neno moja. Msimulizi wa Kiswahili asikubali. Mazungumzo ya mtoto na mama wakati wa kuvua viatu vilivyolowa ni utanzu kamili kwetu, una lawama zake, una vicheko vyake. Mwalimu, weka neno hapo. "Hebu lete huo mguu. Umekuwa wapi wewe?" Keats hatakushtaki.

Tena usiharakishe ukurasa wa kulala. Mandhari ya kijivu nyuma ya kitanda Keats aliifanya kwa kunyunyiza wino akitumia mswaki. Mwonyeshe mtoto, mwambie. Kesho mswaki wake utapotea, lakini utakuwa umempa sanaa.

Jambo linalonikera liko kwetu. Mwalimu huyu alilazimika kutafsiri kitabu cha Brooklyn papo hapo kwa sababu alipotafuta kitabu cha Kiswahili cha kulaza mtoto hakukipata. Vitabu vya hadithi vipo, tena vingi. Lakini fungua ukurasa wa mwisho wa kimojawapo. Utakuta nini? Maswali ya ufahamu. Eleza maana ya maneno haya. Umejifunza nini kutokana na hadithi hii? Wachapishaji wetu wanaitazama Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kabla hawajamtazama mtoto, kwa kuwa kitabu kisichoidhinishwa kwa shule hakina pa kuuzwa. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Nasema tu kwamba lugha ambayo mtoto huikuta darasani pekee, ikimdai majibu kila hadithi inapoisha, haitamfuata kitandani. Atasoma Kiswahili ili afaulu, na ataota kwa lugha nyingine.

Kitabu cha kulala hakiulizi swali. Kazi yake ni kumshika mtoto mkono kutoka mchana hadi usiku na kumwacha pale salama. Bibi zetu waliijua kazi hiyo bila karatasi. Paukwa, pakawa, na nusu ya watoto walikuwa wamelala kabla fisi hajanaswa. Mradi wa African Storybook, tangu mwaka 2014, umeweka bure mtandaoni hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Sulwe cha Lupita Nyong'o, cha mwaka 2019, chenye usiku na nyota ndani yake, kimetolewa kwa Kiswahili na Kidholuo pia. Kwa hivyo uwezo tunao. Tunachokosa ni mazoea ya kumwandikia mtoto bila kumtahini.

Nani basi ataandika kitabu cha mawe ya Kericho? Nakiwazia. Mtoto amekaa chini ya bati, hasikii hata sauti yake. Mvua inakata. Jii. Anatoka, shamba lote jeupe pe, mvuke unapanda kutoka kwenye majani ya chai. Anaokota jiwe moja, analificha kikombeni kwa ajili ya baba. Baba anarudi. Kikombe kina maji. Baba anayatazama, anayanywa, anasema ni baridi. Hapo pana hasara na pana upendo, na hapahitaji swali la ufahamu. Kiandikwe kwa Kiswahili, kiandikwe na kwa Kikipsigis, na kichorwe na mtu aliyewahi kuzisikia kelele zile za mabati.

Hadi kitakapoandikwa, mwalimu, msomee wanao kitabu cha Keats. Sema theluji. Anza na kimya. Waachie watoto milio waitunge wenyewe. Ukifika kwenye mfuko mtupu, usieleze kitu. Na ukimaliza usiwaulize wamejifunza nini. Zima taa.